John Backus: kijana aliyefukuzwa universite, akafundisha mashini kutafsiri hesabu

Siku ya yenga, tarehe 3 mwezi wa pili 2008, udongo ulitikisika hapa Bukavu na ngambo ya Ruzizi, inchini Rwanda. Tetemeko lile lilikuwa la kipimo cha 5.9. Nyumba zilianguka, watu wakapoteza maisha, na wengi wakaogopa kurudi ndani kulala. Kila mara inchi inapotikisika, wakaaji wanauliza jambo moja: imeanzia wapi? Chini ya ziwa, chini ya mulima, ao chini ya miguu yetu?

Kujibu ulizo hilo kunaomba hesabu nyingi, na wataalamu wanaiachia ordinatere. Programu moja inayojulikana sana kati ya wachunguzi wa matetemeko duniani, HYPO71, ilitolewa 1972 na wataalamu wawili wa Marekani, W. H. K. Lee na J. C. Lahr. Waliiandika kwa luga inayoitwa Fortran. Luga hiyo ilizaliwa juu ya kichwa kigumu cha mutu mumoja na kikundi chake kidogo. Mutu huyo ni John Backus. Leo tunawaletea habari ya maisha yake, juu inatuhusu kuliko tunavyofikiri.

Makuta yalikuwepo, masomo hapana

John Warner Backus alizaliwa tarehe 3 mwezi wa kumi na mbili 1924, katika muji wa Philadelphia, na akakomalia Wilmington, mu jimbo la Delaware. Baba yake alisoma kemia, ile sisi tunaita shimi, kisha akaingia mu biashara ya kununua na kuuza hisa. Familia haikukosa kitu. Alichokosa mutoto ni hamu ya kusoma.

Wazazi walimupeleka kwenye shule ya bweni yenye jina kubwa, The Hill School. Huko alishindwa mwaka kwa mwaka. Wakati wenzake walikuwa likizo, yeye alikuwa kwenye masomo ya kurudilia. Mwaka wa 1942 aliingia Universite ya Virginia kusoma shimi, kama baba yake alivyotaka. Kabla ya mwaka kuisha alikuwa anahudhuria somo moja tu kwa juma, somo la kusikiliza muziki. Universite ikamufukuza.

Vita ya pili ya dunia ilikuwa inawaka. 1943 akaingia jeshi. Majaribio ya akili ya jeshi yalionyesha kitu ambacho walimu hawakukiona: kijana huyu ana bongo. Jeshi likamupeleka kusoma uinjinia Pittsburgh, kisha udaktari. Akiwa anafanya kazi mu hospitali, madaktari walimukuta na uvimbe ndani ya mufupa wa kichwa. Walimupasua na kumuwekea kibati. Kibati kile hakikukaa vizuri, na baadaye yeye mwenyewe akasaidia kuchora kingine kilichofaa zaidi. Udaktari nao akauacha kisha miezi michache. Aliona kwamba pale watu wanaombwa kukariri tu, na kukariri hakukuwa chakula chake.

Redio njo ilimufungulia mulango

Jeshi lilimuachilia 1946. Backus alikuwa na miaka 21, hana diplome, hana kazi, na hajui anataka nini. Akapanga chumba kidogo New York. Kitu kimoja tu alikitaka: mashini nzuri ya kusikilizia muziki. Kwa kuwa hakuiona mahali popote, akaamua kujifunza kuitengeneza. Akajiandikisha mu shule ya mafundi wa redio.

Hapo njo maisha yake yaligeuka. Mwalimu wake, fundi wa kutengeneza redio, alimuomba amusaidie kuhesabu namna amplifikatere inavyofanya kazi, namba kwa namba, ili kuchora mustari wake kwenye karatasi. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Lakini Backus aligundua kwamba hesabu aliyoikimbia miaka yote inaweza kusema kitu cha kweli juu ya sauti inayotoka ndani ya redio. Akaenda kusoma matematiki kwenye Universite ya Columbia, akapata diplome 1949, na nyingine ya juu 1950.

Sisi watu wa redio tunapenda sehemu hii ya habari yake. Shule kubwa zilishindwa kumushika. Fundi wa redio akamushika.

Mashini kwenye dirisha la barabara

Akiwa karibu kumaliza Columbia, Backus alipita Madison Avenue, mahali kampuni IBM iliweka mashini yake kubwa ya kuhesabu, SSEC, kwenye chumba cha chini ambamo wapita njia waliweza kuitazama. Ilijaza chumba kizima na ilikuwa na lampe zaidi ya 12,000. Backus aliingia kutembelea. Akamuambia mama aliyekuwa anawaongoza wageni kwamba anatafuta kazi. Yule mama akamuambia apande juu mara moja kumuona mukubwa. Backus alisita, juu mavazi yake hayakuwa ya mutu anayeomba kazi. Mama akasisitiza. Kule juu alikutana na Rex Seeber, mumoja wa watu waliotunga mashini ile. Seeber akamupa fumbo la hesabu. Backus akalifumbua, na akapewa kazi.

Kwa karibu miaka mitatu aliandikia mashini kazi zake, kati yao hesabu ya kujua mwezi wa mbinguni utakuwa wapi saa gani. Ilikuwa kazi ngumu. Mashini haikujua kufuata mutu. Mutu alilazimika kuifuata yenyewe, hatua kwa hatua.

Kila mashini na luga yake

Hapa tusimame kidogo, juu hapa njo kiini cha habari yote.

Ndani ya kila ordinatere na kila simu muna prosesa, kile kipande kinachofanya hesabu. Prosesa haisikii Kiswahili, Kifaransa wala Kiingereza. Inasikia amri fupi za namba: chukua namba hii, izidishe na ile, weka jibu pale. Na kila aina ya prosesa iko na amri zake, kwa mupango wake. Amri inayomaanisha kujumlisha kwa prosesa moja inaweza kuwa haina maana yoyote kwa nyingine.

Ni sawa na tangazo la chanjo. Likiandikwa kwa Kiswahili hapa Bukavu, mutangazaji wa Walungu atalisema kwa Mashi, wa Idjwi kwa Kihavu, wa Shabunda kwa Kilega, wa Fizi kwa Kibembe. Tangazo ni moja. Masikio njo mengi. Sasa fikiria kama hakungekuwa na mutafsiri hata mumoja, na muandishi angelazimika kuandika upya tangazo lote kwa kila luga, akianza na sufuri. Hivyo njo watu wa ordinatere walivyofanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mashini ikibadilishwa, programu zote zinakufa nayo.

Garama ilikuwa kubwa. Kwenye vituo vingi, mishahara ya waandishi wa programu ilikuwa inafikia bei ya mashini yenyewe ao kuipita. Tena robo mupaka nusu ya saa za mashini zilikuwa zinaishia kwenye kutafuta makosa. Mwaka wa 1953 Backus alitengeneza kwanza Speedcoding, njia ya kurahisisha kazi kwenye mashini IBM 701. Mwisho wa mwaka uleule akaandikia mukubwa wake, Cuthbert Hurd, barua fupi. Aliomba ruhusa ya kutunga luga inayofanana na hesabu za kawaida, pamoja na programu ya kuitafsiri kwa amri za mashini mupya iliyokuwa inakuja, IBM 704. Hurd akakubali.

Miezi sita ikageuka miaka

Kikundi kilianza na Backus na Irving Ziller, kisha kikakua mupaka watu karibu kumi. Kulikuwa Harlan Herrick, Robert Nelson, Peter Sheridan, Richard Goldberg, Sheldon Best aliyetoka MIT, Roy Nutt aliyetoka kampuni ya ndege, David Sayre aliyejua mambo ya fuwele, na Lois Haibt, binti aliyetoka tu kumaliza masomo yake. Wengi walikuwa vijana. Mashini ilipatikana zaidi usiku, kwa hiyo walipanga vyumba kwenye hoteli ya karibu ili walale kidogo muchana na kukesha kazini.

Kila mara walipoulizwa kazi itaisha lini, walijibu: miezi sita. Miezi sita ikaisha, wakaomba mingine sita. Maandishi ya kwanza ya kueleza luga yalitoka mwezi wa kumi na moja 1954. Kazi yenyewe ilikuwa tayari mwezi wa ine 1957. Luga waliiita Fortran, jina lililofupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yanayomaanisha kutafsiri fomula.

Wataalamu wengi wa wakati ule walicheka. Waliamini kwamba hakuna mashini inayoweza kuandika amri nzuri kuliko fundi mwenye uzoefu. Backus alijua kwamba kama programu zinazotoka kwa mutafsiri wake zitaenda polepole, hakuna atakayezitumia, hata luga iwe tamu namna gani. Njo maana kikundi kilitia nguvu kubwa kwenye kutafuta njia fupi. Mara nyingine mutafsiri alisogeza amri kwa namna iliyoshangaza hata waliomutunga. Walifikiri amekosea, wakafuata mustari kwa mustari, wakakuta yuko sawa.

Kazi iliyoomba amri karibu elfu moja sasa iliandikwa kwa mistari karibu 47. Mwanafizike aliandika Y = A*X + B, karibu vile anavyoiandika kwenye ubao, na mutafsiri akamalizia mengine.

Kadi bila maelezo

Mwezi wa ine 1957, boksi la kadi za matundu lilifika kwenye kituo cha Westinghouse-Bettis, karibu na muji wa Pittsburgh. Hakukuwa na karatasi ya kueleza ni za nini. Watu wa pale wakakisia kwamba ni ule mutafsiri uliokuwa unangojewa. Wakaziingiza ndani ya mashini yao ya 704, wakajaribu programu yao ya kwanza. Mashini ikawajibu kwamba wamesahau koma. Wakatia koma, wakarudilia, na majibu yakatoka.

Mwaka mumoja baadaye, uchunguzi wa vituo 26 vyenye mashini 704 ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya vituo hivyo vinatumia Fortran kwa zaidi ya nusu ya kazi zao. Waliocheka wakanyamaza.

Kutoka mashini moja kwenda mashini zote

Tusidanganyane: Fortran ya kwanza ilizaliwa imefungwa kwenye mashini moja. Neno moja la IBM 704 lilikuwa na tarakimu 36 za sufuri na moja, na kila herufi ilichukua tarakimu 6. Kwa hiyo jina la kitu mu Fortran halikuweza kupita herufi 6. Mashini ilikuwa inasoma safu 72 tu za kadi, na programu za Fortran zikaandikwa ndani ya safu 72. Sheria hizo zilibaki miaka mingi kisha mashini yenyewe kutupwa. Ziliondolewa tu na Fortran 90.

Lakini wazo lilikuwa limeshatoka ndani ya chupa. Ukitenga luga ya mutu na luga ya mashini, unahitaji tu kutunga mutafsiri mupya kwa kila prosesa. Programu zenyewe zinabaki vilevile. IBM ilitunga watafsiri wa Fortran kwa mashini zake zingine, na kampuni shindani zikafuata. Kufikia 1963 kulikuwa watafsiri zaidi ya 40. Sasa shida mupya ikatokea: kila kampuni iliongeza viungo vyake, na programu iliyokubaliwa huku ilikataliwa kule. Mwaka wa 1966 Marekani ikatoa kanuni rasmi ya Fortran, ya kwanza kwa luga ya aina hiyo, ili wote waandike kwa namna moja.

Kanuni haikumaliza kila kitu. Watu waliohama kutoka mashini za tarakimu 36 kwenda IBM System/360, iliyotoka 1964 na neno la tarakimu 32, waliona programu ileile ikitoa majibu yenye usahihi mudogo. Iliwalazimu kuandika upya sehemu fulani, wakiomba namba ndefu mara mbili. Mapatano ya 1985 juu ya namna prosesa zinavyoshika namba za desimali yalipunguza tatizo hilo sana. Hata hivyo mupaka leo, ukitafsiri programu moja kwa prosesa mbili, tarakimu ya mwisho kabisa inaweza kutofautiana.

Hapa Kivu inatuhusu nini?

Turudi Lwiro, mu Kabare, kwenye kituo kilichoanzishwa wakati wa ukoloni chini ya IRSAC, ambacho leo ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi za Asili, CRSN. Kazi ya kutafuta chanzo cha tetemeko inafanyika hivi: vituo mbalimbali vinaandika saa ambayo mutikisiko umefika kwao. Programu inakisia mahali, inahesabu mawimbi yangefika kila kituo saa ngapi, inalinganisha na saa za kweli, inasahihisha, inarudilia, mupaka tofauti inakuwa ndogo kabisa. Kwa mukono, tetemeko moja lingeweza kula siku. Kwa ordinatere ni chini ya nukta moja.

HYPO71 iliandikiwa mashini za miaka ya 1970, na mashini zile hazipo tena. Programu inaishi juu maandishi yake ya Fortran yalitunzwa, na kila aina mupya ya prosesa ilipata mutafsiri wake. Hesabu za hali ya hewa ziko vivyo hivyo: programu WRF, inayotumiwa na vituo vingi duniani, imeandikwa kwa sehemu kubwa kwa Fortran. Hata mwanafunzi wetu wa ISP, UCB ao UOB anayefungua programu R ili kumaliza takwimu za kazi yake ya mwisho, anatumia vipande vya Fortran bila kujua.

Kwa vijana wetu wanaoshika mashini, kuna mafunzo ya kutumia mara moja. Mutafsiri gfortran ni wa bure tangu 2005. Hauombi makuta, unaomba mega za kumupakua tu. Anajua prosesa za Intel na AMD, zile za ordinatere nyingi za Bukavu, na anajua pia ARM, zile za simu, za ordinatere ndogo za bei rahisi kama Raspberry Pi, na za mashini za Apple zinazotoka tangu 2020.

Jambo la kwanza, tunza maandishi ya programu, si faili iliyokwisha kutafsiriwa tu. Ile faili ni Mashi kwa sikio la Mushi: ukiipeleka kwa prosesa ya aina ingine, haisikii kitu. Mashini ikiungua siku courant inaporudi kwa nguvu, mwenye maandishi ataendelea. Mwenye faili tu atalia.

La pili, chunga tamaa ya mwendo. Ukimuambia mutafsiri atumie maneno yote ya prosesa yako mupya, programu itakimbia kwako, lakini kwa mwenzako mwenye mashini ya zamani itasimama gafula, juu prosesa yake haijui maneno yale. Hapa kwetu, ambako mashini nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumika, ni heri kutafsiri kwa maneno ambayo wote wanayajua, ao kila mutu atafsiri kwake.

La tatu, kisha kuhama mashini, rudilia hesabu ambayo jibu lake unalijua. Kama majibu yanatofautiana kwenye tarakimu ya mwisho, ni kawaida. Kama yanatofautiana mwanzoni, usitangazie wakaaji kitu kabla ya kutafuta kosa.

Na tukumbuke: ndani ya mashini hizo muna tantalum inayotoka kwenye coltan, na bati inayotoka kwenye cassiterite, madini kama yale yanayochimbwa Shabunda, Mwenga na Walungu. Udongo wetu unafika ndani ya prosesa na kando yake. Ni vizuri akili zetu pia zifike huko.

Mutu aliyejikosoa mwenyewe

Backus hakulala juu ya sifa. Mwaka wa 1959 alitoa njia ya kuandika sarufi ya luga za ordinatere kwa mistari mifupi na wazi. Peter Naur wa Denmark aliikamilisha, na mupaka leo inaitwa kwa majina yao wawili. Marekani ilimupa medali ya taifa ya sayansi 1975.

1977 alipata zawadi ya Turing, ile kubwa kuliko zote kwa watu wa ordinatere. Siku ya kuipokea, watu walingoja asifu Fortran. Yeye akafanya kinyume: akaeleza kwamba luga za aina ile, pamoja na yake mwenyewe, zinafunga fikra za mutu kwenye mwendo wa mashini, neno moja kwa mara moja, na akapendekeza njia ingine inayofanana zaidi na matematiki. Wazo hilo halikushinda kama Fortran ilivyoshinda, lakini liliwatia moyo wengi waliotunga luga za namna hiyo.

Alistaafu IBM 1991. Alifariki nyumbani Ashland, mu jimbo la Oregon, tarehe 17 mwezi wa tatu 2007, akiwa na miaka 82, akaacha mabinti wawili.

Muzazi unayesoma hapa, kama mutoto wako ameanguka egzame na kila siku anabomoa redio ya nyumba ili aone ndani muna nini, usikimbilie fimbo. Mutafutie fundi muzuri wa kumuonyesha kazi.